Nyasi Ndani ya Kengele

Bursa, 3 Aprili 2019

Jirani Minko,

Mwezi wa saba ujao nitatimiza miaka thelathini tangu nifunge mlango wa nyumba yangu na kukuachia ufunguo. Naihesabu kwa usahihi kwa sababu Nefise, mke wangu, huihesabu kwa kukadiria, na lazima mmoja wetu ajue. Nina umri wa miaka sabini na minane. Tunakaa hapa Uturuki ghorofa ya nne, tuna pilipili kwenye makopo mawili rosheni, na tangu siku ile mkono wangu haujashika kondoo.

Jana nimeletewa bahasha na kamati ya maonyesho ya mifugo ya kijiji chetu. Ndani mna mwaliko na kijitabu cha rangi. Maonyesho yanatimiza miaka hamsini, na Septemba wanataka nije nikae jukwaani pamoja na washindi wa zamani. Mwaliko umeandikwa kwa Bwana Nazif Rashidov. Vizuri. Nikafungua kijitabu, ukurasa wa kumi na moja, orodha ya washindi wa kondoo dume. 1981, Naum Radev. 1983, Naum Radev. 1984, Naum Radev.

Minko, Naum Radev ni nani?

Najua ni nani. Ni jina nililoandikiwa majira ya baridi ya mwanzo wa 1985, serikali ilipoamua kwamba Bulgaria haina Waturuki. Nilipewa jina hilo mezani, mbele ya askari wawili, nikaambiwa nichague upesi kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Lakini mwaka 1981 huyo Naum hakuwapo duniani. Hakuwapo 1983, wala Septemba ya 1984. Aliyemshika dume wangu Nyusi pembe mbele ya waamuzi ni mimi. Aliyelala naye zizini alipokuwa na homa ni mimi. Na sasa wananialika mimi nikae jukwaani nimpigie makofi mtu ambaye hajawahi kuchunga hata mbuzi mmoja.

Mwaka 1985 lipo jina lako. Hilo silipingi, ingawa nalikumbuka kila Septemba. Unaikumbuka foleni ile? Tulikuwa wanane nyuma ya mazizi, chini ya miti ya mijozi, tangu saa mbili asubuhi, na waamuzi bado walikuwa kwenye kahawa yao. Kila mmoja ameziba kengele ya dume wake kwa nyasi, maana kengele ya mshindani hailii mpaka aitwe. Ikilia kabla, anachekwa mwaka mzima. Uliniuliza kama Nyusi amenenepa au nimemvisha koti la mke wangu. Nikakujibu kwamba wako ana miguu ya dawati la shule. Tulisubiri saa tatu nzima namna hiyo, tukitukanana vizuri.

Kisha kipaza sauti kikaita Naum Radev. Sikutoka. Kikaita mara ya pili. Nilijiambia kwamba nikitoka sasa nitakuwa nimetoka moja kwa moja, sitaweza tena kurudi kuwa mimi. Kikaita mara ya tatu, na kwa kanuni asiyetoka mara ya tatu amepoteza zamu. Wakakuita wewe.

Jambo moja sijalielewa hadi leo. Fomu yangu niliipeleka kwa jina langu, wakairudisha. Sikupeleka nyingine. Nilikuja kwenye foleni nikijua simo kwenye orodha, ili tu watu wamwone Nyusi. Sasa lile jina lilifikaje kwenye kipaza sauti?

Nenda kwenye kamati. Waambie waliondoe jina hilo na kuweka langu. Wasipoliondoa, sina haja ya kiti chao.

Nefise anakusalimu.

Nazif Rashidov


Kijijini, 20 Aprili 2019

Jirani Nazif,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu ukianza na tarehe na hesabu najua kuna kichapo kinakuja. Umezeeka, lakini hasira zako bado zina meno yote.

Nimekwenda. Katibu wa kamati ni Zdravka, yule binti wa mwalimu wa hesabu, sasa ana miwani na kompyuta. Anasema orodha imenakiliwa kutoka daftari la ushirika, na daftari liliandikwa upya mwaka 1986. Lile la zamani walilichoma. Hakujua. Hakuwa amezaliwa. Nikamwambia asiyejua aulize. Akaniambia nimwandikie maelezo rasmi. Rasmi, mimi! Nimemwandikia mistari minne na doa la kahawa.

Usikatae kuja kwa sababu ya karatasi. Njoo uone tulivyobaki. Tangu mke wangu Stanka afariki napika maharagwe sufuria moja nayala siku nne. Nyumba yako imeezekwa upya na mtu wa mjini Plovdiv anayekuja Agosti tu. Amekata mtufaha wako, nikamwita mwizi, akaniuliza mimi ni nani hapo. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo.

Kwenye maonyesho siku hizi foleni imejaa watu wanaopiga picha kondoo wao. Lakini kengele bado wanaziziba kwa nyasi. Hilo halijafa.

Kuhusu lile jina kwenye kipaza sauti, miaka ile mambo mengi yalijifanya yenyewe. Acha hilo.

Njoo.

Minko


Kamati ya Maonyesho, 14 Mei 2019

Mheshimiwa Bwana Rashidov,

Tumepokea malalamiko yako kupitia Bwana Minko, na tunasikitika kwa usumbufu. Kijitabu kimeshachapwa, nakala mia mbili. Hata hivyo kamati iko tayari kubandika karatasi ndogo ya marekebisho, endapo itathibitika kwamba mshiriki hakuwa akilitumia jina lililoandikwa.

Katika sanduku la zamani hatukupata fomu za 1981 hadi 1984. Tumepata ya 1985, nami naambatisha nakala yake. Kama utakavyoona, imejazwa kwa mkono na kutiwa sahihi kwa jina la Naum Radev, pamoja na namba ya hereni ya sikio ya dume, 499. Baadhi ya wajumbe wanasema kwamba ikiwa mwenyewe ulijaza fomu kwa jina hilo, basi ulikuwa umelikubali, na daftari halina kosa.

Tunakuomba maelezo yako. Kiti chako jukwaani kimehifadhiwa.

Kwa heshima,
Zdravka, Katibu


Bursa, 2 Juni 2019

Minko,

Nakutumia nakala ya nakala, ili usiseme hujaiona.

Mtoto yule ananiambia kwa adabu kabisa kwamba nililikubali. Niliposoma neno hilo nilikwenda rosheni nikasimama hadi Nefise akaja kunishika mkono. Nimeitwa mambo mengi maishani mwangu. Huko niliitwa Mturuki, hapa waliniita Mbulgaria miaka yangu ya kwanza yote, kwenye duka la mkate, kiwandani, hata msikitini. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nililikubali.

Sasa itazame fomu. Mwandiko si wangu. Uko wima, umekandamizwa, umebanwa kama wa mtu anayemwigiza mwenzake. Angalau alijitahidi. Lakini tazama namba ya hereni, 499. Tazama zile tisa mbili. Zimelala chali, miguu juu, kama kondoo aliyevimbiwa. Katika maisha yangu nimemjua mtu mmoja tu anayeandika tisa namna hiyo. Nimezisoma tisa zake kwenye bahasha miaka thelathini. Ya mwisho iko juu ya barua ya tarehe 20 Aprili, 2019.

Uliniambia niache. Sasa niambie niache nini.

Nazif Rashidov


Bursa, 12 Julai 2019

Minko,

Siku arobaini zimepita. Binti yako amemwambia Nefise kwa simu kwamba u mzima, unakula, na umekwenda mara mbili kusaidia kukata majani ya ng'ombe. Basi mkono unafanya kazi.

Najua kusubiri. Nilisubiri mpakani siku mbili ndani ya gari, tukiwa watu sita na cherehani. Lakini sijawahi kusubiri kitu kwa chuki kama ninavyoisubiri barua yako.

Nazif


Kijijini, 25 Julai 2019

Nazif,

Ni mimi.

Nimeiandika barua hii mara saba. Zote zilianza kwa hali ya hewa.

Fomu yako iliporudishwa nilikuwa ofisini kwa ushirika, nimekuja kuchukua pumba. Nilimsikia karani akisema mwaka huu hakuna dume wa juu ya kilima, yaani wako, kwa sababu mwenyewe anaringa. Nyusi alikuwa na miaka mitano. Wewe na mimi tulijua kwamba mwaka ule ndio wake, na kwamba mwakani mgongo ungeanza kulegea. Nikaomba fomu nyingine. Nikasema umenituma. Nikaijaza pale pale kaunta, nikaiga mwandiko wako, nikatia sahihi. Niliona ninakutendea wema. Nilidhani jina lile ni kama koti la mvua, unavaa, unapita, unavua. Nilidhani hivyo kwa sababu sikulivaa mimi.

Nilikusudia kukwambia kwenye foleni. Ndiyo sababu nilikuja mapema nikasimama karibu nawe. Tulikaa saa tatu pale, unakumbuka mwenyewe, na mimi nikazungumza juu ya koti la Nefise, juu ya pumba, juu ya daktari wa mifugo na mke wake wa pili. Kila nilipofungua mdomo kukwambia, nilikuona ukimchana Nyusi paji la uso kwa vidole, na nikatoa mzaha mwingine. Nikajisemea kwamba ukiitwa utashtuka, utanitukana, kisha utatoka. Angetoka mtu yeyote. Dume yule alikuwa wa kwanza kabla hajatembea.

Hukutoka.

Na sasa lile lingine, ambalo fomu haikuonyeshi. Walipoita mara ya kwanza nilisali utoke. Mara ya pili nilitaka kukusukuma. Lakini baada ya mara ya pili, kabla ya ile ya tatu, mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye kengele ya dume wangu. Nilikuwa nimeanza kutoa nyasi. Nilikuwa nimeshajua kwamba zamu ni yangu, na nilijiandaa. Hukuniona kwa sababu ulikuwa unatazama mbele.

Ile kengele ya shaba niliyopewa kama tuzo ya ushindi sijamvisha mnyama yeyote. Stanka aliniuliza mara moja tu, akaacha.

Nimekwenda kwa Zdravka na kumwambia kwamba fomu niliijaza mimi. Aliandika kila kitu, kisha akaniuliza kama najua kwamba kughushi sahihi ni kosa. Nikamwambia ndiyo maana nimekuja, mwanangu.

Huna haja ya kunijibu.

Minko


Kijijini, 16 Septemba 2019

Nazif,

Hukunijibu, kama nilivyokwambia. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu jana maonyesho yamefanyika na nisingependa uyasikie kwa binti yangu, ambaye huongeza chumvi.

Kamati ilibandika karatasi ya marekebisho kwenye ukurasa wa kumi na moja. Waliibandika juzi jioni, na mimi niliiona jana asubuhi pale nyuma ya mazizi, wakati kila mshindani alipogawiwa nakala yake. Imeandikwa hivi: Nazif Rashidov, kisha mabano, na ndani ya mabano Naum Radev. Miaka yote mitatu.

Nilimtafuta Zdravka. Akasema wajumbe waliamua hivyo ili watafiti wasichanganyikiwe. Nikamuuliza watafiti gani, hapa kuna kondoo na watu kumi na wawili. Akasema Bwana Minko, tafadhali, ni mabano tu.

Nikarudi foleni. Sikuwa na dume mwaka huu, nimekwenda kumshikia jirani kamba tu. Waamuzi wamechelewa, mtindo ule ule; safari hii gari lao lilikuwa limeegeshwa mbele ya mgahawa tangu saa nne, na harufu ya mwanakondoo wa kuchoma ilitufikia. Watu wamekaa juu ya ndoo, kengele zimezibwa. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Nikaanza kufuta mabano kwenye nakala yangu na kila kilichokuwa ndani yake, kwa wino, taratibu.

Kando yangu alikuwa mwanamke kutoka kijiji cha bondeni, Rusalina, mfugaji hodari mwenye ulimi kama mkasi wa kukatia sufu. Akaniuliza babu anachora nini. Nikamweleza. Sikutaka kueleza yote, lakini waamuzi walikuwa wanakula na nilikuwa na muda. Nikamweleza mpaka kwenye nyasi.

Akautazama ukurasa.

"Haya mabano ni zizi," akasema. "Wamemfungia mtu wa watu ndani na kondoo asiye wake."

"Basi tumfungulie," akasema kijana mmoja aliyekuwa nyuma yake, yule anayepiga picha sana. "Nipe kalamu."

Nazif, walifuta wote. Kalamu ilipita mkono kwa mkono, na ilipokauka mtu akatoa ile rangi ya bluu ya kuwekea kondoo alama, na kijiti. Rusalina akaenda mezani kwa Zdravka akachukua boksi zima la nakala zilizobaki. Akamwambia anazigawa. Walikaa juu ya ndoo zao na kufuta mabano mia mbili, vidole vya bluu, huku wakibishana nani anafuta vizuri na nani anachafua. Mzee mmoja kutoka kijiji cha juu, ambaye mwaka ule alikuwa wa tano kwenye foleni yetu, alikuwa wa mwisho kuchukua kijiti. Alinigeukia. Akasema, "Mimi nilikuona mkono, Minko. Nilikuona." Kisha akafuta.

Waamuzi walipofika, kijana wa kipaza sauti alipewa karatasi na Rusalina. Akasoma bila kujua ni nini. Akaita Nazif Rashidov, mwaka 1985. Hakuna aliyetoka. Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu. Mkononi sikuwa na kengele, lakini niliikunja mikono nyuma.

Kwa kanuni walipaswa kumwita anayefuata. Rusalina alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya mwaka huu. Hakutoka mpaka alipoona inatosha. Waamuzi walimfokea. Aliwajibu kwamba wao walikula kwa saa mbili nzima, yeye anaomba dakika mbili.

Kwenye daftari la kamati mabano yamebaki. Nakwambia ukweli, huko sikufika.

Nimekutumia boksi kwa basi, dereva ni mtoto wa Asen fundi viatu. Ni ile kengele ya shaba. Nimeiziba kwa nyasi za mteremko wa nyuma ya nyumba yako, upande ambao yule wa Plovdiv hafyeki, ili isilie njiani. Si zawadi. Ni ya Nyusi.

Kiti chako kilikaa wazi siku nzima. Mwakani watakiweka tena, Zdravka ameniambia mwenyewe. Utakuja?

Minko


Bursa, 9 Oktoba 2019

Jirani Minko,

Boksi limefika. Dereva alipanda ghorofa zote nne, akanywa chai, akaniambia unafunga mkanda tundu la mwisho. Kula. Maharagwe si chakula cha siku nne.

Nitakujibu kwa mpangilio, kwa sababu vitu vyenyewe haviko sawa.

Fomu nimekusamehe. Ulikosea kama anavyokosea mtu ambaye hajawahi kuulizwa jina lake na askari. Ulidhani ni koti. Miaka minne na nusu nililivaa koti hilo kwenye kitambulisho, kwenye bahasha ya mshahara, kwenye cheti cha kifo cha mama yangu, na halikuzuia mvua hata tone. Lakini ulimpenda dume wangu, na mtu anayempenda dume wa mpinzani wake hufanya upumbavu wa namna hiyo. Hilo naliweza.

Nyasi bado. Nimejaribu tangu Julai. Nalala nikiwa nimekusamehe, naamka nauona mkono wako. Na mwenzetu yule aliuona, akakaa nao miaka thelathini na minne. Inawezekana itaisha. Nina umri wa miaka sabini na minane, sitakuahidi.

Kamati siwasamehe, wala siwaombi tena. Mabano yale si makosa ya uchapaji. Mtu anayeweka mabano anajua anachokifanya. Anampa kila mmoja nusu ili asikasirikiwe na yeyote. Mimi nimekasirika. Uwaambie. Watu walionitendea haki katika jambo hili walikuwa wamekaa juu ya ndoo, wana njaa, wanasubiri zamu zao, na hawakuwa na sababu ya kunijua. Mwambie Rusalina kwamba ukurasa wake wa kumi na moja, wenye rangi ya kondoo, nauomba. Nitautundika ukutani.

Kengele niliiweka mezani siku mbili. Nefise alitaka kuitoa nyasi, nikamkataza. Bado zina harufu. Nilikuwa nimesahau kwamba upande ule una mnanaa mwitu. Juzi asubuhi nilikaa rosheni, nikaziondoa moja moja, nikaziweka kwenye sahani. Nikaipiga mara moja. Ni kengele nzuri, fundi hakuibania shaba. Mwanamke wa ghorofa ya tatu alitoka akauliza kuna nini. Nefise akainama akamwambia kwamba ameitwa mtu, na ametoka.

Uliniuliza kama nitakuja mwakani. Kiti wampe mwingine, na ufunguo wa nyumba yangu, kama bado unao, utupe kisimani. Niandikie, nami nitakujibu. Lakini huko sitarudi.

Nazif Rashidov